Presha ya mawazo na presha ya figo zinapita njia moja

Ukikaa asubuhi kwenye benchi la kliniki ya presha hapa Kigoma utasikia ubishi mmoja ambao hauishi. Huyu anasema presha yake imetokana na mawazo, mume kaondoka, mtoto kafeli, marejesho ya kikoba yamekaribia na hela hana. Mwenzake anamjibu aaah wewe una mawazo tu, mimi nimeambiwa figo ndo zina shida, yani mimi ndo mgonjwa hasa. Kila mmoja anaona ugonjwa wake hauhusiani kabisa na wa mwenzake, na hata nyumbani watu wanawagawa hivyohivyo, wa mawazo anaambiwa atulie na asali sana, wa figo anaambiwa anywe dawa.

Mimi naomba niandike leo kwa kirefu, maana jambo hili linaniuma: hao wawili wanaongelea njia moja. Mawazo yanaamsha adrenalini, ile homoni ya mshtuko inayokimbiza moyo, adrenalini inaamsha figo, figo inatoa homoni yake, na hiyo homoni ikishakamilika inazunguka na kwenda kuisukuma tezi ya adrenali itoe adrenalini nyingine. Ukimwambia mtu yako ni ya mawazo tu acha dawa, umeangalia kipande kimoja cha mzunguko na kingine umekiacha kinaendelea kufanya kazi.

Nafundisha baiolojia, kidato cha tano na sita. Mada ya homoni wanafunzi wanaipenda lakini wanaimeza kwa orodha, tezi hii homoni ile, tezi hii homoni ile, na mtihani wanafaulu. Kinachokosekana ni kwamba hizi homoni zinaongea. Shangazi yangu anayekaa Ujiji ndo alinifanya nianze kuisoma hii kitu zaidi ya kitabu cha darasani. Anameza vidonge vya losatani. Siku moja nimemtembelea, baada ya shikamoo na habari za nyumbani akanitolea kikaratasi cha vidonge akaniuliza, "Mwanangu, hivi hii dawa ni ya moyo au ya figo? Maana nesi kaniambia inalinda figo, na mama wa hapo jirani anameza hiihii kaambiwa ya presha, sasa mwingine kaja juzi ananiambia presha ya mawazo haina dawa, nipumzike tu."

Lile swali ni zuri kuliko maswali mengi ya mtihani. Ni ya moyo au ya figo? Twende taratibu.

Figo ziko mbili, nyuma kabisa ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Juu ya kila figo kumekaa tezi ndogo inaitwa adrenali, uzito wake gramu 4 au 5 tu, yani ukiishika mkononi unaweza kuidharau. Hiyo tezi kwa kweli ni mbili ndani ya moja. Ganda la nje linatengeneza aldosteroni na kotisoli, na kiini cha ndani ndo kinatengeneza adrenalini na ndugu yake noradrenalini, kwa binadamu karibu asilimia 80 ya kinachotoka kwenye kile kiini ni adrenalini yenyewe. Na hizi sehemu mbili hazijawekwa pamoja bure, damu inayotoka kwenye ganda inashuka kwenye kiini ikiwa imebeba kotisoli nyingi, na hiyo kotisoli ndo inawezesha kimeng'enya kinachobadilisha noradrenalini kuwa adrenalini. Bila ganda, kiini hakifanyi kazi yake vizuri.

Sasa watu wengi, na wanafunzi wangu pia, wakiona kwenye picha tezi imekaa juu ya figo wanafikiri vinapitishiana vitu hapohapo kwa ujirani. Hapana. Hakuna mshipa unaotoka kwenye figo ukaingia moja kwa moja kwenye tezi iliyo juu yake. Upande wa kushoto damu ya tezi inamwagika kwenye mshipa wa vena ya figo, lakini hiyo vena inaondoka kwenye figo kwenda kwenye moyo, hairudi ndani. Kwa hiyo ili figo iifikie tezi iliyoikalia kichwani inabidi ipitie moyo, mapafu, irudi tena kwenye moyo ndo ifike. Na njiani kuna vitu vinatokea, na hivyo vitu ndo utamu wenyewe wa hii habari.

Mwaka 1898 kule Stockholm, kwenye taasisi ya Karolinska, Robert Tigerstedt mtu wa Finland na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakapata maji yake, wakawadunga sungura wengine, na presha ya wale sungura ikapanda. Wakasema kwenye figo kuna kitu, wakakiita renini. Watu hawakukijali sana kwa miaka mingi mpaka 1934, Harry Goldblatt kule Cleveland, Marekani, alipoibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa, presha ikapanda na ikabaki juu. Yani figo ikinyimwa damu inapandisha presha ya mwili mzima. Ikaja kueleweka kufikia 1940, kwa watafiti wa Argentina na wa Marekani waliokuwa wanafanya kila mtu kivyake, kwamba renini yenyewe haibani mshipa wowote. Renini ni kimeng'enya, kazi yake ni kukata.

Inakata nini? Ini linatengeneza protini inaitwa angiotensinojeni, ipo tu kwenye damu inazunguka haina shida na mtu. Renini ikitoka kwenye figo inaikuta hiyo protini inaikata kipande kidogo cha amino asidi 10, hicho kinaitwa angiotensini ya kwanza, nacho bado hakina nguvu. Kikipita kwenye mishipa, hasa ya mapafu, kinakutana na kimeng'enya kingine kinachokiondolea amino asidi 2, zinabaki 8, na hiyo ndo angiotensini ya pili. Hapo sasa. Hii ya amino asidi 8 ni kali mno, inabana mishipa, inaliambia ganda la adrenali litoe aldosteroni ili mwili ushike chumvi na maji, inakutia kiu, na haikai hata dakika mbili tatu kwenye damu inavunjwa, lakini kazi inakuwa imeshafanyika. Kwa hiyo ukisema homoni ya figo, kiukweli ni kazi ya figo, ini na mapafu kwa pamoja, figo ndo imeshika kiwango, ndo inaamua leo itoke nyingi au kidogo.

Haya, kile kiini cha adrenali kinatoaje adrenalini? Kwa kawaida kinasubiri neva, yani mishipa ya fahamu. Ukishtuka, nyoka kapita, au umesikia mlio wa simu usiku wa manane, ubongo unatuma habari kwa neva mpaka kwenye tezi, mwisho wa neva unatoa asetilikolini, kemikali ya kupitishia habari, na seli za kile kiini zinafunguka kalsiamu inaingia, na vile vifuko vidogo vilivyojaa adrenalini vinapasukia nje kwenye damu. Hii habari ya asetilikolini ilionyeshwa mwaka uleule 1934 na Wilhelm Feldberg na wenzake. Feldberg alikuwa Myahudi wa Ujerumani, alifukuzwa kazi 1933 Hitler alipoingia, akakimbilia London akaendelea na kazi. Mwaka mmoja, mtu mmoja Cleveland anabana figo, mwingine London anaangalia neva ya adrenali, na hakuna aliyejua kwamba wanashika ncha mbili za kitu kimoja.

Na aliyekuja kuziunganisha ni huyohuyo Feldberg. Mwaka 1964, akiwa na mwenzake anaitwa Lewis, walichukua paka, wakadunga angiotensini kidogo sana kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye adrenali, na adrenalini ikatoka. Neva haijafanya kitu, paka hajashtuka, hakuna mawazo yoyote, ni ile kemikali iliyoanzia kwenye figo ndo imezigusa seli za tezi zikaachia adrenalini. Mimi nikisoma hapo huwa nasimama kidogo. Maana ina maana kwamba moyo unaweza kudunda, mikono ikaingia ubaridi, na mtu akajisikia ana hofu ambayo hajui inatoka wapi, na mwanzo wake usiwe kichwani.

Baadaye watu wakazitoa hizo seli zenyewe, za ng'ombe, wakazilea maabara na kuonyesha zina vipokezi vya angiotensini juu yake, yani milango ambayo angiotensini inakaa ili kuiamsha seli. Angiotensini ikikaa kwenye kipokezi, kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli inaachiwa na nyingine inaingia kutoka nje, na vifuko vinatoka. Sio hivyo tu, ikikaa muda mrefu inaiambia seli itengeneze vimeng'enya zaidi vya kutengenezea adrenalini, kwa hiyo inachukua iliyopo stoo na hapohapo inaongeza uzalishaji. Na kuna njia ya tatu, angiotensini inafika kwenye sehemu za ubongo ambazo damu na ubongo havijatenganishwa sana, inauchochea ubongo uzidi kutuma habari kwenye zile neva, na kwenye miisho ya neva mwilini huko inafanya noradrenalini itoke kwa wingi kuliko kawaida.

Lazima niseme ukweli hapa ili mtu asiondoke na picha kubwa kuliko ilivyo. Kwa binadamu mzima aliyekaa zake kibarazani, mwenye amri kubwa juu ya adrenalini ni neva, sio angiotensini. Angiotensini kazi yake kubwa ni kukoleza, yani habari ileile ya neva ikikuta angiotensini iko juu inatoa zaidi. Kwa hiyo wale wanaosema mawazo yanapandisha presha hawajakosea. Wanakosea wanaposema "ni mawazo tu".

Turudi upande wa pili sasa, maana figo nayo inapokea. Figo inatoa renini kwa sababu tatu. Ya kwanza, presha ya damu inayoingia ikishuka. Ya pili, chumvi inayopita kwenye vimirija vyake ikipungua. Ya tatu, na hii ndo ninayotaka uishike, neva na adrenalini zikigusa vipokezi vya beta, ile milango ya adrenalini, vilivyoko kwenye seli zinazohifadhi renini. Kwa hiyo mtu mwenye mawazo, mtu anayelala na wasiwasi kila siku, neva zake zinaigonga figo, figo inatoa renini, renini inaleta angiotensini, angiotensini inaenda kwenye adrenali, adrenali inatoa adrenalini, adrenalini inarudi kwenye figo. Ni kama wapiga ngoma wawili kwenye harusi, huyu akikaza na mwenzake anakaza, na mchezaji aliye katikati ambaye ni moyo na mishipa hana namna ila kufuata.

Mtu atauliza kwa nini Mungu aweke kitu cha namna hii mwilini. Kwa sababu kinaokoa. Sisi wa Kigoma tunakumbuka Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kijiji kidogo kimebanwa kati ya milima na ziwa, na kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inabeba watu kuwaleta mjini. Kipindupindu kinamkausha mtu kwa masaa. Maji na chumvi vinatoka kwa wingi, damu inapungua kwenye mishipa, na hapo figo inapata sababu zote tatu kwa pamoja, presha imeshuka, chumvi hakuna, neva zinapiga kelele. Renini inamwagika. Angiotensini inabana mishipa ya ngozi na tumbo ili damu kidogo iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo, adrenalini inaukimbiza moyo. Ndo maana yule mgonjwa ukimshika mikono ni ya baridi na mapigo yanaenda mbio na membamba. Huo ni mwili unapigania muda, unamshikilia mtu mpaka dripu au ORS ifike. Mama aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua, hivyohivyo. Kwa hiyo huu mzunguko sio adui, ni mlinzi aliyewekwa kwa ajili ya siku mbaya.

Shida inakuja siku mbaya isipoisha. Figo ikiwa na kovu, au mshipa wake umekuwa mwembamba, yenyewe inajiona kila siku haipati damu, inatoa renini kila siku hata kama presha ya mwili iko 180. Na zaidi ya renini, figo inayoumwa ina neva zake zinazopeleka habari kwenye ubongo. Mwaka 1992 watafiti wa Dallas, Marekani, walipima mwendo wa neva za hizi habari za mshtuko kwenye miguu ya watu waliokuwa wanasafishwa damu kwa mashine. Wale waliokuwa bado na figo zao mbovu mwilini, neva zilikuwa zinafyatua mara mbili na zaidi ya watu wenye afya njema. Wale waliokuwa wametolewa figo zote mbili, neva zilikuwa tulivu. Wote wanasafishwa damu, wote hawana figo inayofanya kazi, tofauti ni kwamba mmoja bado amebeba figo inayolalamika na mwingine hana. Kwa hiyo mgonjwa wa figo anayesema sina amani, moyo unanienda mbio, silali, tusimjibu haraka kwamba ana roho ndogo au hajakubali ugonjwa wake. Inawezekana ni figo inaongea.

Sasa chumvi, maana siwezi kuandika mambo ya figo kutoka mkoa huu nikaacha chumvi. Uvinza ile pale, chumvi ya kwenye chemchemi zake watu wameichemsha zaidi ya miaka 1,000, ilikuwa inabebwa mpaka mbali kuvuka ziwa na bara zima hili. Na dagaa wetu, migebuka, wengi wanatiwa chumvi ya kutosha ndo wakae. Kanuni inasema chumvi ikiwa nyingi mwilini figo inapunguza renini, kwa hiyo mtu anaweza kufikiri basi nikila chumvi nyingi renini inashuka na presha inashuka. Haiendi hivyo. Renini inashuka kweli lakini maji yanashikwa kwenye damu, mishipa inajaa, na presha inapanda kwa njia nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu na iliyoko kwenye dagaa, kwenye mkate, kwenye kile kiungo cha supu, sio ile ya mezani tu.

Na hili linatuhusu sana sisi watu weusi. Wengi wetu wenye presha, renini yetu iko chini, mwili unashika chumvi kupita kiasi na mzunguko wa renini sio ndo unaoongoza. Ndo maana dawa zinazozuia angiotensini zikiwa peke yake mara nyingi haziteremshi presha yetu vizuri kama kwa Wazungu, na daktari anaanza na amlodipini, dawa ya kulegeza mishipa, au dawa ya kukojoza, au anachanganya. Kuna utafiti ulitoka 2019 uliofanywa kwenye nchi 6 za Afrika kusini mwa Sahara, wakalinganisha michanganyiko mitatu ya dawa mbilimbili, na ile miwili yenye amlodipini ndani ikaushinda ule usiokuwa nayo. Kwa hiyo ukiona mwenzako kapewa kidonge tofauti na chako usianze kubadilishana naye pale kwenye benchi, inategemea nini kinaongoza presha yako, umri, sukari kama unayo, na figo zako zikoje.

Haya, swali la shangazi. Losatani inakaa kwenye vile vipokezi vya angiotensini, angiotensini ikifika inakuta pameshakaliwa. Kwenye mishipa, kwenye ganda la adrenali, kwenye kiini cha adrenali, kwenye figo, kote. Kwa hiyo ni ya presha kwa sababu mishipa inalegea. Ni ya moyo kwa sababu moyo hausukumi dhidi ya mishipa iliyobana na ule msukumo wa adrenalini unaokolezwa na angiotensini unapungua. Na ni ya figo kwa sababu inapunguza mgandamizo kwenye vichujio vyake, ndo maana mwenye kisukari ambaye protini imeanza kutoka kwenye mkojo anapewa hata kama presha yake haitishi sana. Nesi alisema kweli, na mama wa jirani naye alisema kweli. Nilimwambia shangazi hivyo, akasema, "Basi mngetuambia hivyo toka mwanzo." Na mimi nakubaliana naye kabisa, watu wakielezwa wanaelewa, tatizo letu tunawapa kidonge na tarehe ya kurudi halafu tunashangaa wanaacha.

Kaptoprili na enalaprili zinafanya kazi hatua moja nyuma, zinazuia kile kimeng'enya cha kwenye mapafu kisikate zile amino asidi 2. Hizi dawa chanzo chake ni sumu ya nyoka wa Brazili anaitwa jararaka, huko miaka ya 1960 Sérgio Ferreira aligundua kwenye ile sumu kuna kitu kinachoipa nguvu bradikinini, ambayo ni kemikali nyingine ya kulegeza mishipa, na kutoka hapo wenzake wakafika mpaka kwenye kidonge. Kimeng'enya kilekile kinachotengeneza angiotensini ya pili ndicho kinachovunja bradikinini, ukikizuia bradikinini inarundikana, na ndo maana kuna watu wakimeza kaptoprili wanapata kikohozi kikavu kisichosikia asali wala tangawizi. Huyo asihangaike na dawa za kifua, arudi kwa daktari abadilishiwe, mara nyingi anapewa losatani na kikohozi kinaondoka. Lakini mtu akivimba midomo, ulimi au uso baada ya kumeza hizi dawa, hapo hakuna kusubiri kesho, aende hospitali muda huohuo na asimeze tena.

Atenololi na propranololi zinakata upande mwingine wa mzunguko, vile vipokezi vya beta. Zinapunguza mbio za moyo na hapohapo zinaizuia figo isitoe renini adrenalini inapoigonga. Hizi ni zile ambazo watu wanazizoea wanaona moyo umetulia wanaacha ghafla, na hilo ni jambo la hatari kweli. Vipokezi vilikuwa vimefunikwa muda mrefu, mwili umeviongeza, siku ukiacha adrenalini inakuta milango imekuwa mingi kuliko mwanzo. Moyo unaruka, presha inapanda ghafla, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio. Kama unataka kuacha, daktari anakupunguzia kidogokidogo.

Wajawazito, na wanaotarajia kushika ujauzito: losatani, kaptoprili, enalaprili na jamii yao zote hazifai, maana mtoto tumboni anautegemea huu mfumo wa renini ili figo zake zijengeke. Sema mapema kliniki ubadilishiwe, zipo dawa nyingine za presha zinazotumika kwa wajawazito. Usiache tu kimyakimya ukabaki bila dawa.

Jambo la mwisho ni dawa za maumivu, diklofenaki na ndugu zake. Huku kwetu mtu akiumwa mgongo baada ya shamba anapita dukani ananunua, anameza wiki nzima. Dawa hizi zinabana damu inayoingia kwenye figo. Sasa kama wewe uko kwenye losatani au enalaprili na unameza na dawa ya kukojoza, ukiongeza diklofenaki juu yake figo inaweza kuzimika ndani ya siku chache, na ukiwa unaharisha au unatapika hatari inazidi, hapo wahi kituo cha afya uulize kama usimamishe dawa zako kwa muda. Na ukishaanzishiwa hizi dawa za kuzuia angiotensini, omba kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, na cha potasiamu ndani ya wiki mbili au zaidi kidogo, kisha daktari atakwambia kinarudiwa lini. Wakisahau kukuandikia, waulize wewe.